Njia za Kupasua Saratani ya Utumbo kwa Matundu Madogo, na Hali ya Wagonjwa Baadaye

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wana mitaa na walimu katika juma la Jubilei)



Katika juma hili la shangwe mmekwisha kusikia habari nyingi za siku zilizopita: jinsi nyumba za ibada zilivyojengwa, jinsi shule zilivyoanza chini ya miti, na jinsi dawa zilivyogawiwa barazani kabla ya kuwako hospitali yo yote. Sisi tumepewa kazi nyingine. Walimu walituomba tuseme neno juu ya ugonjwa mmoja ambao watu wengi hawapendi kuutaja, yaani saratani ya utumbo mpana, na juu ya namna madaktari wanavyoupasua siku hizi. Swali lao lilikuwa hili: “Tunasikia ya kwamba ziko njia nyingi za kupasua kwa matundu madogo. Ni ipi iliyo bora, na mgonjwa huwaje baadaye?” Swali ni fupi, lakini jibu lake ni refu kidogo, kwa hiyo twawaomba mtuvumilie.

Kabla hatujajibu, yatupasa kuwaeleza kwa nini swali hili si la kupitisha wakati tu. Miaka michache iliyopita tulimjua mzee mmoja, fundi seremala, mtu mpole na mwenye bidii. Alianza kuona damu katika choo chake, akanyamaza miezi mingi kwa kuona haya. Mwili wake ulipopungua, watoto wake wakampeleka hospitali, akatazamwa, ikaonekana saratani upande wa kushoto wa utumbo mpana. Daktari akawaambia, “Juma lijalo tutampasua kwa njia ya kawaida, yaani kwa kufungua tumbo.” Lakini ndugu mmoja alikuwa amesikia habari za upasuaji wa matundu madogo katika mji wa mbali, akasema, “Kufungua tumbo ni mambo ya zamani. Mkimpenda baba yenu, mpelekeni kule.” Basi wakarudi nyumbani kutafuta fedha. Wakauza ng’ombe, wakaweka shamba rehani. Miezi minne ikapita, na fedha hazijatimia bado, utumbo ukaziba kabisa. Mzee akaletwa hospitali usiku, tumbo limevimba kama ngoma, akapasuliwa kwa haraka. Kidonda kilipona, lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha kufika katika ini, naye hakumaliza mwaka.

Baada ya maziko watoto wake walitujia, wakauliza, “Je, tulikosa?” Sisi wenyewe tulikuwapo katika shauri lile la kwanza, tukanyamaza, kwa kuwa hatukujua. Na siku ile walipotuuliza hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumesoma, tumeuliza wenye ujuzi, na maneno ya leo ni jibu letu kwao, ingawa limechelewa.

Kwanza tuseme habari za ugonjwa wenyewe. Utumbo mpana ni sehemu ya mwisho ya njia ya chakula. Urefu wake ni kama mita moja na nusu. Huanzia upande wa kulia chini ya tumbo, hupanda juu, hukata kwenda kushoto, kisha hushuka mpaka kwenye puru. Saratani huanza mara nyingi kama kinundu kidogo ndani ya ukuta wa utumbo, nacho huweza kukaa miaka mingi bila maumivu yo yote. Kisha hukua, hutoka damu, huziba njia, na mwisho mbegu zake husafiri kwa njia ya tezi na damu hata kufika katika ini na mapafu. Nyumba ikishika moto jikoni, majirani huweza kuuzima. Lakini cheche zikirukia paa za nyumba nyingine, kazi huwa kubwa mno. Ndivyo ulivyo ugonjwa huu.

Wako watu wasemao kwamba huu ni ugonjwa wa Ulaya, si wetu. Neno hilo lina asili yake. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyezaliwa Ireland, alifanya kazi Uganda tangu mwaka 1946 hata mwaka 1966. Yeye aliona kwamba saratani ya utumbo ilikuwa adimu sana katika watu wa vijiji vya Afrika, na mwaka 1971 aliandika kwamba huenda sababu ni chakula chetu chenye makapi mengi. Walakini tangu siku zile mambo yamegeuka. Chakula kimebadilika, watu wamehamia mijini, umri umeongezeka, na hospitali za Afrika Mashariki zinaona wagonjwa hawa zaidi kuliko zamani. Tena wengi wao hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Basi asiwepo mtu wa kusema, “Hayo hayatuhusu.”

Dawa kubwa ya saratani ya utumbo isiyoenea mbali ni kupasua. Daktari hukata sehemu ya utumbo yenye ugonjwa, pamoja na utando unaoishika na tezi zilizomo ndani yake, kisha huziunga ncha mbili zilizobaki. Kwa desturi ya zamani kazi hii ilifanywa kwa kufungua tumbo kwa mkato mrefu, ili mikono ya daktari iingie. Njia hiyo bado inatumika, wala si njia ya aibu. Imeponya watu wengi sana.

Njia ya matundu madogo ni nyingine. Mgonjwa hulazwa kwa nusukaputi. Daktari hutoboa matundu machache yasiyozidi upana wa kidole, hujaza tumbo hewa ya kaboni dayoksaidi ili apate nafasi, huingiza kamera yenye taa, kisha hufanya kazi kwa vyombo virefu vyembamba huku akitazama picha mbele yake. Kazi ikiisha, hukata mkato mdogo mmoja tu wa kutolea kipande kile cha utumbo. Mwaka 1991 Moises Jacobs na wenzake wa Miami, Marekani, waliandika habari za wagonjwa 20 wa utumbo waliopasuliwa hivyo, na habari ile ikaenea duniani.

Lakini furaha haikudumu. Mwaka 1994 madaktari wa Uholanzi walieleza kwamba katika wagonjwa wao 14, watatu walirudiwa na saratani pale pale kwenye matundu ya ngozi. Hofu ikawashika watu. Wakauliza: Je, hewa ile haitawanyi mbegu za ugonjwa ndani ya tumbo? Je, hatumpi mgonjwa kovu zuri na kifo cha upesi? Chama cha madaktari wa utumbo cha Marekani kikashauri kwamba kazi hii isifanywe ila katika uchunguzi ulio wazi. Na sisi twaona hapo jambo la kusifiwa: watu waliokuwa na chombo kipya mkononi walikubali kungoja mpaka kweli ijulikane.

Basi kweli hujulikanaje? Hapa twaomba walimu wasikilize vema, maana jambo hili wanaweza kulifundisha hata watoto. Tukiwalinganisha wagonjwa wa daktari huyu na wagonjwa wa daktari yule, twaweza kudanganyika. Labda mmoja alichagua vijana wenye nguvu, na mwenziwe akaachiwa wazee na waliochelewa. Ni kama kulinganisha mavuno ya mashamba mawili, moja la bondeni na moja la mlimani, kisha kusema kwamba jembe la bondeni ni bora. Kwa hiyo wenye hekima huwagawa wagonjwa kwa kura, kwa ridhaa yao wenyewe: huyu atafunguliwa tumbo, huyu atapasuliwa kwa matundu madogo. Kura haina upendeleo. Kisha huwafuata kwa miaka mingi na kuandika kila jambo, la kufurahisha na la kuhuzunisha.

Uchunguzi wa namna hii ulifanywa katika nchi nyingi. Barcelona, katika Hispania, wagonjwa 219 waligawiwa kwa kura, na habari zao zilitolewa mwaka 2002: waliopasuliwa kwa matundu madogo walipata nafuu mapema, wala hawakufa zaidi kwa ugonjwa wao. Mwaka 2004 zikatolewa habari za wagonjwa 872 wa hospitali 48 za Marekani na Kanada. Hapo kila daktari alipaswa kwanza kuwa amefanya kazi hiyo mara 20 au zaidi, na kuonyesha picha za kazi yake zisizokatwa. Baada ya miaka mitatu, katika kila wagonjwa 100 wa matundu madogo 86 walikuwa hai, na katika kila 100 waliofunguliwa tumbo 85 walikuwa hai. Ugonjwa uliwarudia 16 katika 100 upande mmoja, na 18 katika 100 upande wa pili. Na saratani ya kwenye kovu, ile iliyotiwa hofu kuu, haikufika hata mtu mmoja katika 100 kwa njia yo yote ya hizo mbili.

Katika Ulaya wagonjwa 1,248 waligawiwa vivyo hivyo katika hospitali 29, na mwaka 2009 ikaandikwa kwamba baada ya miaka mitatu waliokuwa hai bila ugonjwa ni kama 74 katika 100 kwa matundu madogo na kama 76 katika 100 kwa kufungua tumbo. Japani nayo ilifuata wagonjwa 1,057 ambao ugonjwa wao ulikuwa umezama katika ukuta wa utumbo au umefika katika tezi. Habari zao zilitolewa mwaka 2017: baada ya miaka mitano walio hai walikuwa karibu 92 katika 100 kwa matundu madogo, na kama 90 katika 100 kwa kufungua tumbo. Wajapani wakasema kwa unyofu kwamba waliokufa walikuwa wachache kuliko walivyotazamia, hata hesabu yao haikutosha kuthibitisha kabisa kwamba njia ile haipungui kwa nyingine. Twawasifu kwa unyofu huo.

Ndugu zetu, mnaona maana yake? Katika habari ya kuishi, njia hizi mbili zinakwenda sawasawa. Mizani huinama kidogo huku na kidogo kule, lakini hailali upande mmoja. Anayefunguliwa tumbo na daktari hodari, kwa wakati wake, hakunyimwa maisha.

Je, basi matundu madogo hayana faida? Yana faida, nayo ni ya kweli, ila ni ya namna nyingine. Katika uchunguzi ule wa Marekani wagonjwa wa matundu madogo walikaa hospitali siku 5, wenzao siku 6. Nao walihitaji sindano za kutuliza maumivu siku 3, wenzao siku 4. Ulaya ilionekana kwamba damu iliyopotea ni chache zaidi na utumbo uliamka mapema. Kwa mkulima au mama wa watoto wengi, kurudi nyumbani mapema na kwa maumivu machache si jambo la kudharau. Walakini faida hiyo ililipiwa kwa muda, maana kazi yenyewe mezani ilichukua muda mrefu zaidi.

Tena liko neno jingine ambalo mgonjwa hana budi kuambiwa kabla ya kulala. Mara nyingine daktari huanza kwa matundu madogo, kisha hulazimika kufungua tumbo, kwa sababu ya damu, au makovu ya zamani, au ukubwa wa ugonjwa. Katika uchunguzi wa Marekani jambo hili lilitokea kwa wagonjwa 21 katika kila 100. Katika uchunguzi wa Uingereza wa wagonjwa 794 wa utumbo mpana na puru, ambao habari zake zilitolewa mwaka 2005, lilitokea kwa 29 katika kila 100, na waliobadilishiwa njia walipata matatizo zaidi. Lakini tazameni jambo hili: katika mwaka wa kwanza walikuwa 38 katika 100, na katika mwaka wa sita walikuwa 16 tu. Vyombo vilikuwa vile vile. Kilichoongezeka ni ujuzi wa mikono. Tutalirudia neno hili mwishoni.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe la walimu, maana matundu madogo nayo yana njia nyingi. Tutazitaja tano.

Njia ya kwanza ni ile tuliyokwisha kuieleza, ya matundu kadhaa na vyombo virefu. Hii ndiyo mama wa nyingine zote, nayo ndiyo iliyopimwa kwa kura nyingi kuliko zote.

Njia ya pili ni ya kuingiza mkono mmoja. Daktari hukata mkato wa kutosha mkono wake tu, huuziba usivujishe hewa, naye hufanya kazi kwa mkono mmoja ndani na chombo katika mkono wa pili. Mwaka 2008 katika Marekani zilitolewa habari za wagonjwa 95 waliogawiwa kwa kura, wenye magonjwa ya utumbo ya namna mbalimbali. Kwa kukata upande wa kushoto, njia ya mkono ilichukua kama dakika 175, na njia ya vyombo vitupu kama dakika 208. Lakini hali za wagonjwa baadaye hazikutofautiana sana. Basi mkono uliokoa zaidi ya nusu saa mezani, wala haukumharibia mgonjwa nafuu yake.

Njia ya tatu ni ya tundu moja tu, mara nyingi kwenye kitovu, ambapo vyombo vyote hupita pamoja. Kovu lake huwa dogo, karibu lisionekane. Lakini vyombo hugongana, na kazi yataka mkono uliozoea sana. Uchunguzi uliofanywa, hasa katika nchi za Asia, umeonyesha kwamba kwa wagonjwa waliochaguliwa vema na madaktari hodari, matatizo hayazidi. Ila faida yake kubwa ni uzuri wa kovu, si urefu wa maisha.

Hapa tuingize neno juu ya mahali pa kuunga. Sehemu ya kulia ikikatwa, daktari aweza kuzitoa ncha za utumbo nje kupitia mkato mdogo na kuziunga huko, au aweza kuziunga ndani kwa ndani. Katika mji wa Turin, Italia, wagonjwa 140 waligawiwa kwa kura, na habari zao zikatolewa mwaka 2019: siku za kukaa hospitali hazikutofautiana, ila walioungwa ndani kwa ndani utumbo wao uliamka mapema kidogo.

Njia ya nne ni ya roboti. Msidhani kwamba mashine hupasua yenyewe. Daktari hukaa kando ya meza, hutazama picha, na kila anachokifanya kwa vidole vyake mikono ya mashine hukifuata ndani ya tumbo bila kutetemeka. Mashine iliyo mashuhuri zaidi iliruhusiwa katika Marekani mwaka 2000. Katika Korea ya Kusini wagonjwa 70 wa upande wa kulia waligawiwa kwa kura, 35 kwa roboti na 35 kwa matundu ya kawaida, na habari zao zikatolewa mwaka 2012. Roboti ilichukua dakika 195, matundu ya kawaida dakika 130. Siku za hospitali zilikuwa karibu sawa. Gharama ilikuwa dola 12,235 kwa roboti, na dola 10,320 kwa njia ya pili. Kwa saratani ya puru, ambako nafasi ni nyembamba, uchunguzi wa wagonjwa 471 katika nchi 10, uliotolewa mwaka 2017, ulionyesha kwamba waliolazimika kufunguliwa tumbo ni kama 8 katika 100 kwa roboti na kama 12 katika 100 kwa matundu ya kawaida. Na tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba yaweza kuwa bahati tu. Roboti humpumzisha daktari na humsaidia katika pembe ngumu. Lakini asiwepo mtu wa kuuza shamba akidhani ya kuwa mashine hiyo inauza miaka ya maisha.

Njia ya tano haihusu matundu wala vyombo, bali inahusu kiasi cha kukata. Wengine hukata utumbo na tezi zilizo karibu. Wengine hufuata utando wote mpaka kwenye shina la mishipa mikubwa ya damu, wakizitoa tezi zote bila kuchana utando ule, kama mtu ang’oaye magugu pamoja na mizizi. Jambo hili lilipimwa China, katika hospitali 17, kwa wagonjwa 1,072 wa upande wa kulia, wote wakipasuliwa kwa matundu madogo, tangu mwaka 2016 hata 2019. Matatizo kwa jumla yalikuwa karibu sawa; lakini mishipa ya damu iliumizwa kwa watu 3 katika 100 waliokatwa mpaka shina, na kwa mtu 1 katika 100 wa upande wa pili. Habari za miaka mitatu zilitolewa mwaka 2024: waliokuwa hai bila ugonjwa ni kama 86 katika 100 kwa kukata mpaka shina, na kama 82 kwa kukata kwa karibu. Tofauti hiyo inavuta macho, lakini wenye hesabu walisema haijathibitika kabisa kuwa si bahati. Basi huu ni mlango ulio wazi nusu, nao wajuzi wanaendelea kuuchungulia.

Mkijumlisha haya yote mtaona kwamba umbo la kovu halibadili sana mwisho wa safari. Yanayoubadili ni mengine, nayo twataka kuyataja moja moja, maana hayo ndiyo ya kushikwa.

La kwanza ni wakati. Saratani iliyokatwa ikiwa bado ndani ya ukuta wa utumbo, wagonjwa wengi huishi; iliyofika katika ini ni shida kubwa. Tena uchunguzi ule wa Marekani na wa Ulaya haukupokea wagonjwa ambao utumbo wao umekwisha kuziba. Anayengoja mpaka utumbo uzibe, amejitoa mwenyewe katika hesabu zile njema tulizozisoma.

La pili ni mikono. Mmesikia habari za Uingereza, jinsi kazi ilivyotengenezeka mwaka kwa mwaka. Afadhali daktari aliyefungua matumbo mengi afungue tumbo, kuliko daktari asiyezoea matundu ajifunzie kwako bila msimamizi.

La tatu ni kazi iliyotimia. Kipande kilichokatwa hupelekwa kupimwa, na kanuni ya wajuzi ni kwamba zihesabiwe tezi zisizopungua 12, ili ijulikane kama ugonjwa umefika huko na kama mgonjwa ahitaji dawa za saratani baadaye. Katika uchunguzi wa Marekani hesabu ya tezi ilikuwa 12 kwa njia zote mbili. Mgonjwa asiyechukua majibu ya kipimo hicho ameacha nusu ya tiba yake hospitalini.

La nne ni malezi baada ya kupasuliwa. Katika Uholanzi wagonjwa 400 waligawiwa kwa kura katika mafungu manne, na habari zao zikatolewa mwaka 2011. Wengine walipasuliwa kwa matundu madogo, wengine kwa kufungua tumbo. Na katika kila njia wengine walilelewa kwa desturi ya zamani, wengine kwa malezi mapya: kulishwa mapema, kuinuliwa kitandani mapema, kutulizwa maumivu kwa utaratibu. Wa matundu madogo wenye malezi mapya walikaa siku 5. Wa matundu madogo kwa desturi ya zamani siku 6. Waliofunguliwa tumbo siku 7. Kwa hiyo muuguzi amwinuaye mgonjwa kitandani na ndugu amshikaye mkono atembee ukumbini, hao nao ni sehemu ya upasuaji.

Basi ninyi mtakaoitwa katika shauri la mgonjwa, msinyamaze kama tulivyonyamaza sisi. Mwulizeni daktari kwa adabu maneno haya manne: Ugonjwa umefika wapi? Wewe umezoea njia ipi, na umeifanya mara nyingi? Tukingoja ili kutafuta njia nyingine, twapoteza nini? Na majibu ya kipimo cha kipande tutayapata lini? Daktari mwema hachukii maswali hayo. Kama matundu madogo yako karibu, na mikono iliyozoea iko, na gharama yachukulika, yapokeeni kwa furaha, maana humwepusha mgonjwa na maumivu mengi. Kama hayako, pokeeni kufunguliwa tumbo bila hofu wala aibu, tena upesi.

Nanyi walimu, tunawakabidhi kazi moja. Wafundisheni watu dalili: damu katika choo, choo kilichogeuka desturi yake kwa majuma mengi, kupungua mwili bila sababu, kuishiwa damu, maumivu ya tumbo yasiyokoma. Si kila damu ni saratani; mara nyingi ni bawasiri au kuhara. Lakini ni hospitali itakayosema hivyo, si haya zetu. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na neno hilo lawahusu hata wanaume wazima.

Sasa tuwarudie watoto wa yule fundi. Waliuliza, “Je, tulikosa?” Jibu letu ni hili. Hamkukosa katika upendo, maana mliuza mlichokuwa nacho kwa ajili ya baba yenu. Mlikosa kwa kutojua, na kosa hilo ni letu pamoja nanyi, maana tulikuwapo. Mlidhani mnamnunulia maisha, kumbe kilichokuwa kikiuzwa kule ni kovu fupi na siku chache za nafuu. Na maisha yenyewe yalikuwa yakitolewa pale pale, juma lile la kwanza, na daktari aliyekuwa tayari.

Shamba lile lilikombolewa mwaka jana. Mwanawe wa pili analima hapo, na meza iliyo mbele yetu leo ni kazi ya mikono ya baba yake. Tunamkumbuka kwa heshima. Na kama mmoja wenu anasikia maneno haya huku akijua moyoni kwamba ameona damu akanyamaza, basi aende Jumatatu hospitali, asingoje jubilei nyingine.